Mwezekaji aliyepanda paa la mjane

Asubuhi hii ya Machi, umande haujakauka kwenye migomba ya Malinya, Onesmus Shivachi yuko juu ya paa la msonge. Mguu mmoja ameukanyagisha kwenye ufito, mwingine ameukunja chini yake kama mtu aliyekaa kanisani. Anapokea tita la nyasi, analitandaza, analipigapiga kwa kibao mpaka ncha zilingane, kisha analifunga kwa kamba ya mkonge. Halafu anaangalia mbingu.

Upande wa msitu, mawingu yameanza kujikusanya.

Chini, mwenye nyumba, Jescah Muhonja, anafunga matita. Mke wa Onesmus, Nekoye, anayainua kwa mti mrefu wenye panda. Kila tita likifika juu, Onesmus husema, "Asante, mama." Nekoye hujibu, "Usinishukuru, fanya haraka."

Nyumba hii ilitakiwa kuwa na paa tangu mwezi wa kwanza. Kuta zilikandikwa, fito zikafungwa, nyasi zikakatwa. Ila kila mwezekaji aliyeitwa alitazama, akakohoa, akasema ana kazi kwingine. Jescah na watoto wake wanne wakaendelea kulala jikoni kwa jirani, wamebanana na mbuzi.

Sababu inajulikana na kila mtu hapa. Mume wa Jescah, George, alifariki mwaka juzi. Kwa desturi, mwenye mji akifa, kile kijiti kinachosimama kileleni mwa paa, ambacho wenyeji hukiita shisuli na ni alama ya mwanamume wa nyumba, huvunjwa. Nyumba mpya ikijengwa, mwanamume wa ukoo husimama mlangoni ndipo mwezekaji apande. Mjane aliyekubali kurithiwa na ndugu wa mumewe ana mtu wa kumsimamia. Aliyekataa hana.

Jescah alikataa. "Niliokoka nikiwa msichana," anasema huku akikaza fundo kwa meno. "Sikuokoka ili niwe mke wa tatu."

Mwezekaji anayepanda nyumba ya namna hiyo, watu husema, atapatwa na balaa. Hata asipopatwa, ukoo hautamwita tena. Kwa mtu kama Onesmus, ambaye nyumba moja humletea shilingi thelathini na kuku, na ambaye siku hizi wenye uwezo wanamwacha na kununua mabati, kutoitwa ndiyo balaa lenyewe.

Onesmus ana miaka arobaini na kitu. Ni mwembamba, mpole, na hucheka kabla ya kumaliza mzaha wake mwenyewe. Anasali na Marafiki, Wakristo wa Kikweka, ambao katikati ya ibada yao hukaa kimya kidogo, kila mtu akisikiliza moyoni. Onesmus alikipenda kimya hicho akakihamishia kazini. Hapandi paa lolote kabla ya kukaa juu ya matita, macho amefumba, mpaka aone ameruhusiwa.

Wateja wamemzoea. Wengine humtania wakipita: "Onesmus, leo amesemaje huko juu?"

"Anasema wewe unanidai salamu tu," yeye hujibu.

Si kwamba anasikia sauti. "Ni kama mzigo," anaeleza. "Ukiwepo kifuani, sipandi. Ukiondoka, napanda." Mara moja mzigo ulikataa kuondoka, akaenda kukagua fito tena, akakuta mchwa wamezila ndani. Watu walimwambia hiyo si kazi ya Mungu, ni ya macho. "Na macho alinipa nani?" aliwauliza.

Lakini Nekoye, ambaye ni mtu wa Bungoma na hafichi neno, ana kisa kingine. "Siku moja aliacha kazi katikati, akaja nyumbani mbio. Eti ameambiwa arudi upesi. Nikamuuliza kuna nini? Hakuna mgonjwa, hakuna moto. Nilikuwa napakua obusuma, ugali wetu."

"Ilikuwa njaa," Onesmus anakubali kutoka juu. "Nilidhani ni Mungu."

Wanawake wanacheka mpaka tita linaanguka.

Jescah alipomwendea mwezi wa kwanza, Onesmus alikuja, akakaa juu ya matita, akafumba macho. Alikaa mpaka chai aliyotengewa ikapoa. Kisha akasema, "Dada, sijaambiwa."

Akaja tena baada ya wiki. Akakaa. "Bado, dada. Sijaambiwa."

Mara ya tatu Jescah hakutoa chai. Alisimama mbele yake, mikono kiunoni. "Ndugu Onesmus, mimi sikukuita uje kulala juu ya nyasi zangu. Mvua inakuja. Hiyo haingojangi mtu aambiwe."

Jioni hiyo Onesmus alirudi nyumbani. Nekoye aliweka chakula, akamtazama.

"Baba Rebeka, umemwambia nini yule mama?"

"Nimemwambia sijapata neno."

"Neno gani unalitaka? La kusaidia mjane hulijui? Si ulilisoma mwenyewe mbele ya kanisa Jumapili ile, ukatamka kila herufi?"

Onesmus alisema hayo ni maneno ya watu wote. Yeye alikuwa akingoja lake.

"Mimi nikikuita kula mara ya pili huwa nimekasirika," Nekoye akamwambia. "Wewe unataka Mungu akuite mara ngapi? Hungoji, Baba Rebeka. Unaogopa. Umechukua kimya cha kanisani ukajifunika nacho kama blanketi."

Onesmus anasema hakula usiku ule. "Ule mzigo nilioudhani ni Mungu ananizuia, ulikuwa ni mimi. Namwogopa Ingosi."

Ingosi ni kaka wa marehemu George. Yeye na Onesmus ni rika, walitahiriwa msimu mmoja, na tangu ujana ngazi ndefu ya Ingosi ni kama mali ya wote wawili. Onesmus huichukua ukutani bila kuomba. Hata leo aliichukua vivyo hivyo, na sasa imeegemea paa la Jescah.

Jua limepanda kidogo wakati Ingosi anapotokea kwenye njia ya mahindi. Ni mnene, amevaa koti, na amekuja kwa haraka kwa sababu anahema.

"Onesmus! Shuka."

"Umeamkaje, rika langu?"

"Sikuja kusalimiwa. Nani amesimamia nyumba hii?"

"Jescah."

"Jescah ni mwanamume?"

Jescah anaweka tita chini. "Shemeji, tangu George afe, umetuletea nini hapa?"

"Nililetanga mahindi!"

"Mara moja. Na yalikuwa na fukusi wengi kuliko mahindi."

Nekoye anageuka upande ili asionekane akicheka. Ingosi anapangusa uso. Sauti yake inapungua, inakuwa karibu ya kuomba. "Hata mimi sikutaki, Jescah. Wale wawili nyumbani wananishinda. Lakini watu watasema nini? Watasema Ingosi yuko hai, na nyumba ya ndugu yake inaezekwa kama ya mtu asiye na kwao."

"Basi simama hapo mlangoni, shemeji, tumalize. Kusimama tu. Sikuombi kingine."

Ingosi anautazama mlango. Anaonekana kama mtu anayepima kina cha mto. Kisha anatikisa kichwa. "Wazee hawatakubali nusu, nisimame bila kukurithi."

"Rika langu," Onesmus anasema taratibu, "mimi nimeambiwa nipande. Siwezi kukudanganya kwamba sijaambiwa. Nilikwisha kumdanganya Jescah."

"Umeambiwa?"

"Zamani sana. Nilikuwa sijatii."

Ingosi anaikamata ngazi yake, anaiondoa paani, anaitwika begani. "Basi Mungu aliyekupandisha akushushe."

Anaondoka nayo, ncha ya nyuma ikigonga migomba.

Onesmus amebaki juu, miguu ikining'inia kwenye fito, akitazama ngazi inavyopotea. Kisha anaanza kucheka, kicheko chake kile kinachotangulia maneno. "Sasa hata nikitaka kuogopa, sina pa kushukia. Leteni nyasi."

Wanaleta. Nekoye anainua matita, akichoka Jescah anampokea, wanabadilishana. Majirani wawili walioanza kwa kuchungulia uani wanaishia kufunga kamba. Paa linapanda, mzunguko juu ya mzunguko. Ngurumo inasikika mbali, kisha si mbali.

Saa nane imebaki kilele tu. Nyasi zote zimekutana pale kama nywele zilizoshikwa mkononi. Onesmus anainama.

"Dada Jescah, hapa kileleni nifanyeje?"

"Ukiacha wazi, maji yataingilia wapi?"

"Katikati. Kitandani kabisa."

"Na ukifunga?"

"Nyasi hushikwa na kijiti. Nikikisimamisha, watasema una mwanamume ndani."

Jescah anafikiri. Majirani wanamsubiri yeye. Ni desturi ya mababu zao pia, si ya Ingosi peke yake, na mmoja wao ameanza kurudi nyuma.

"George nilimpenda," Jescah anasema mwishowe. "Kijiti chake kilivunjwa nikiona, na nililia. Hiki si chake. Ni cha kuzuia maji. Funga, ndugu. Wakija kutafuta mwanamume watakuta watoto wanne wamelala pakavu."

Onesmus anafumba macho. Ni kitambo kidogo tu. Kisha anakishindilia kijiti, anakizungushia kamba, anakaza kwa uzito wake wote.

Matone ya kwanza yanapiga majani ya migomba. Onesmus anashuka kwa ule mti wenye panda, ambao haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Suruali yake inararuka toka gotini mpaka kiunoni, na anafika chini akiwa amejishika nyuma, huku Nekoye akimpokea na leso. Wote wanakimbilia ndani. Mvua inashuka kama imetupwa. Wanasimama katikati ya chumba kitupu, nyuso juu, wakingojea tone. Watoto wa Jescah wananyoosha viganja.

Hakuna tone.

Jescah anakaa chini kwenye udongo mkavu, anavua kitambaa cha kichwa, anakiweka usoni.

Onesmus anajua siku hii ina gharama. Nyumba mbili za ukoo wa Ingosi alizoahidiwa mwezi huu, mmoja wa majirani amekwisha kumwambia asizihesabu. Ingosi mwenyewe hakurudi. "Nitamwendea Jumapili," Onesmus anasema, akijaribu kuishikanisha suruali kwa mwiba. "Ni rika langu. Hawezi kukaa na ile ngazi peke yake, ni nzito." Kwa kazi nyingine, anasema, ataona. Hajui. Nekoye anasema mihogo ipo.

Mvua inapopungua, mwanamke mmoja anatokea mlangoni, amejifunika gunia lililolowa. Si wa kijiji hiki. Anasema anaitwa Namalwa, ametoka ng'ambo ya mto, na ameona kijiti kutoka kule barabarani. Aliuliza ni nyumba ya nani, akaambiwa ni ya mjane aliyekataa kurithiwa. Hakuamini, akaja kuona.

Anakitazama kilele kwa ndani, muda mrefu. Kisha anamgeukia Onesmus, anaongea akiangalia miguu yake mwenyewe.

"Nami nilikataa. Kwangu ni mwaka wa tatu bila paa. Utaweza kuja?"

"Nyasi unazo?"

"Ninazo, baba. Ndizo ninazolalia."

"Jumatatu," Onesmus anasema.