Live ya TikTok ya Mwenyekiti wetu wa chama cha wafanyakazi: hakuna kuingia bila shikamoo

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Mimi humu ni wa kusoma na kucheka tu, sijawahi kuanzisha uzi. Ila hili limenitokea mwenyewe, sijasimuliwa. Asiyeamini aje Arusha aulize wavuna maua.

Nafanya kazi shamba la maua pande za Nduruma. Jina la shamba silitaji, kazi bado naipenda. Navuna waridi ndani ya greenhouse. Nyie mnaopelekewa maua na wapenzi wenu, mjue kuna mtu alichomwa miiba asubuhi na mapema ili nyie mpige selfie.

Shida yetu ilikuwa dawa. Wakishapiga dawa, watu hawatakiwi kuingia mpaka muda wake upite. Lakini supavaiza wetu, oda ikibana, anachungulia mlangoni na kusema, "Imeshakauka hiyo, ingieni."

Unaingia. Macho yanawasha, koo linakwaruza, kichwa kinagonga.

Na mimi kipindi hicho nilikuwa na mimba. Ya kwanza. Nilikuwa naogopa mpaka usingizi siupati. Niliomba nihamishiwe packing, kule wanakofungasha maua, nikaambiwa packing kumejaa.

Tawi la chama cha wafanyakazi tulikuwa nalo. Mwenyekiti ni Mzee Anaeli, fundi wa mabomba ya umwagiliaji, Mmeru wa Maji ya Chai, mzee wa kanisa, mtu wa koti la suti hata kwenye jua kali. Kila akipeleka suala la dawa kwa HR, jibu ni lile lile: "Wanachama wenu hawafiki nusu ya wafanyakazi. Sheria hainilazimishi kukaa meza moja na nyinyi."

Na ni kweli hawakufika. Wazee walikuwa ndani ya chama, sisi machalii na mabinti, ambao ndio wengi shambani, tulikuwa nje. Ukimuuliza kijana, anakwambia chama ni cha kukukata mshahara na kukupa tisheti ya Mei Mosi.

Mzee akasikia vijana siku hizi wanapatikana kwenye simu. Akafungua group la WhatsApp.

Jamani, lile group!

Aliliendesha kama mkutano wa ukumbini. Asubuhi anafungua kwa sala. Kisha, "Wajumbe, thibitisheni mahudhurio." Ukiandika chochote kabla ya kuruhusiwa, anakujibu, "Mjumbe, pitia kwa mwenyekiti." Kuna chalii alituma sticker ya mbuzi anacheka, akapewa onyo la maandishi. Voice note zake ndiyo usiseme. Unainjika makande, yanaiva, yeye bado anatambua uwepo wa wageni.

Vijana wakaanza kutoka mmoja mmoja. Na kila anayetoka, Mzee anampigia simu: "Mwanangu, umemuaga nani?"

Mwishowe akaniita pembeni. "Binti, wewe ni kijana, na shida unayo. Kuanzia leo wewe ni katibu wa vijana."

Kura haikupigwa. Nilikubali kwa ajili ya tumbo langu, mapenzi na chama sikuwa nayo hata kidogo.

Nikamshirikisha shoga yangu Happy, tunavuna naye. Tukafungua akaunti ya TikTok. Mimi nikatengeneza mabango ya vifungu vya sheria, rangi safi, maandishi yamejaa kama gazeti. Hayakutazamwa na mtu. Hata Happy mwenyewe aliyapita. Yeye akacheza na kreti ya maua kichwani, juu kaandika "Jiunge na chama". Hiyo ilitazamwa balaa. Ila comments zote zilikuwa zinauliza kama Happy ana mtu.

Nikaona huu ni ujinga. Tukakubaliana tumweke Mzee live aongee mwenyewe, angalau tumridhishe.

Jumapili baada ya ibada tukaenda kwake. Kwanza akagoma kuanza mpaka tule. Mkewe akatuwekea loshoro, yale makande ya maziwa mgando, tukala, tukaongezwa bila kuulizwa. Ndipo tukasimamisha simu juu ya ndoo, Mzee akakaa na koti lake, ng'ombe nyuma yake anatazama kamera vizuri kuliko yeye.

Tukabonyeza. Machalii wa shambani wakaanza kuingia, wamekuja kucheka tu. Mzee akavaa miwani, anasoma majina yanavyopita.

"Kuna mtu kaingia hapa anaitwa Brayo. Brayo, unaingia kwa watu husalimii?"

Mzee akasogelea simu.

"Nakusubiri, Brayo. Sisi hatuna haraka."

Nikamnong'oneza, "Mzee, wewe endelea na mada, huku watu huwa hawasalimii."

Akanigeukia kama nimemtukana. "Hapa nyumbani kwangu?"

Tukakaa hivyo hivyo, live inaendelea, Mzee kakunja mikono. Nilitamani ardhi inimeze. Mara Brayo akaandika: Shikamoo Mwenyekiti.

"Marahaba! Wewe si mtoto wa Mama Glory anayeuza ndizi Tengeru? Mama mguu umepona?"

Kumbe ndiye. Akajibu mguu umepona.

"Mungu ni mwema. Sasa mwanangu, ile dawa wewe haikudhuru?"

Brayo akaandika kwamba aliwahi kutapika nyuma ya greenhouse na hakumwambia mtu. Mzee akamuuliza kwa nini. Akajibu: Ningemwambia nani?

Aisee, pale hata Happy aliacha kucheka.

"Mimi nipo," Mzee akasema. "Ulikuwa hujanisalimia tu."

Baada ya hapo ikamiminika shikamoo. Wengine walianza kwa utani, lakini kila mtu alitaka jina lake lisomwe na mama yake aulizwe hali. Mzee anajibu mmoja mmoja, haruki mtu, na kila akimaliza salamu anauliza la dawa, na mtu anafunguka mbele ya wote. Ng'ombe akalia katikati ya maongezi, Mzee akamwambia, "Na wewe subiri zamu yako." Hicho kipande kilizunguka kwenye simu za shamba zima.

Kesho yake vijana wakaanza kumfuata kwenye mabomba kujiunga. Kila Jumapili live, kila Jumatatu wanachama wapya. Mimi na mabango yangu tukakaa kimya.

Sasa HR wetu naye akasikia. Jumapili moja akaingia kupeleleza. Nadhani aliamini ukitazama live huonekani. Mtu kaja na jina lake kamili, na picha ya joho la graduation!

Happy akanifinya. Mimi nikataka kuzima simu, maana mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuisha na niliogopa atanikumbuka. Nimechelewa, Mzee kashasoma.

"Karibu, Bwana Temu. Hujasalimia."

Comments zote zikaganda. Wakuu, HR wetu ni mtu wa Kijenge, anavaa miwani ya jua ndani ya ofisi, na Mzee Anaeli kwa umri anamzaa kabisa. Atoke? Shamba zima limemwona. Anyamaze? Huku kwetu mtu mzima akikwambia hujasalimia mbele za watu, huna pa kujificha.

Brayo akaandika: Bosi, hapa hata ng'ombe anasubiri zamu.

Mwishowe ikatokea: Shikamoo Mzee.

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo? Sasa maadamu umefika mwenyewe, tusaidie." Akanivuta mbele ya simu, na tumbo langu. "Huyu binti ni mjamzito. Dawa ikipigwa, anatakiwa arudi ndani lini?"

Nilianza kulia pale pale, sikujua hata machozi yalikotoka.

HR akaandika: Muda ulioandikwa kwenye dawa ukipita.

"Na hapo shambani kwetu unafuatwa?"

Akaandika: Mzee, njoo ofisini tuongee.

"Nitakuja na katibu wa vijana," Mzee akajibu. "Na nusu tumeshavuka, nadhani unajua."

Tulikaa mezani. Sasa kila mlango wa greenhouse una ubao wa saa ya kurudi ndani, na wajawazito wanapelekwa packing.

Kabla sijahamia packing, ubao umeshatundikwa, asubuhi moja supavaiza akasema tena imekauka, tuingie. Hakuna aliyebishana naye. Brayo alikaa chini, Happy akakaa, wote wakakaa. Mimi nikageuza kreti, nikakalia, nikamenya ndizi yangu taratibu huku yeye anaangalia saa.

Nilichojifunza: vijana hatukukimbia chama, tulikimbia kuhutubiwa. TikTok peke yake haikutusaidia kitu, mpaka alipotokea mtu wa kutuuliza hali na kungoja jibu.

Haya, wadau, kazini kwenu chama kinawapataje vijana? Na ambao chama chenu ni tisheti tu, semeni pia, tucheke wote. Nikichelewa kujibu mnivumilie, nanyonyesha, naandika kwa kidole kimoja.