Mlima Tuliouchimba

Mtu wa bara angetucheka. Kilikuwa kiinuko tu karibu na Garsen, mbuzi alikipanda bila kuacha kutafuna. Lakini sisi tuliozaliwa kando ya Tana, kwenye nchi tambarare kama sinia, tulikiita mlima, wala hatukutania. Maji ya kifuu, bahari ya chungu.

Tulihamia hapo mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mimi, mume wangu na mama yake, baada ya mto kuacha njia yake na kupita katikati ya kijiji chetu upande wa Kulesa. Ulichukua migomba, ukachukua na kaburi la baba mkwe. Mama mkwe hakulilia migomba. Siku tuliyofika alipapasa ardhi kwa kiganja, akaniambia, "Mwanangu, mto umenichukulia mume akiwa keshakufa. Mimi nizikeni huku mlimani." Nikamwahidi.

Mji ulikuja wenyewe. Msomali mmoja alifungua duka la sukari na ngozi, ukafuata mkahawa wa chai, kisha watu wa serikali wakapiga hema na kusema hapa patakuwa soko. Kila aliyekuja alitaka nyumba ya fito na udongo. Udongo wa bondeni ukikauka hupasuka. Wa mlimani ulishika vizuri. Basi wanawake tukachimba ubavuni mwa mlima, tukakandika kuta zetu na za wageni. Mama mkwe alifurahi kuliko wote. Jioni alihesabu mioshi ya majiko na kujisifu kana kwamba yeye ndiye aliyeyawasha.

Alipofariki tulimzika juu kabisa, penye ardhi kavu, na wafu wengine wa mji wakamfuata. Nililia, lakini moyo wangu ulitulia.

Duka likazaa duka, na shimo likapanda kuelekea makaburini. Mume wangu alilisema barazani. Mwenye duka akajibu kwamba udongo ni wa Mungu, na jirani yangu akauliza kama sasa tukandike kwa mate. Watu wakacheka. Kesho yake makarai yalirudi shimoni, na la kwangu likiwemo, kwa sababu ukuta wetu wa jikoni ulikuwa umebomoka. Haba na haba hujaza kibaba, na hukimaliza vilevile.

Mafuriko yalikuja mbingu ikiwa nyeupe, maana mvua ilinyesha mbali, huko mto unakotoka. Maji hayakuupanda mlima. Yaliingia shimoni, yakatulia, yakaanza kuula kwa ndani. Asubuhi upande wa makaburi ulikuwa umeporomoka wote. Kuta za nyumba nazo ziliyeyuka, zikabaki fito. Nilitazama maji yale nisiweze kutofautisha udongo wa kaburi la mama na udongo wa duka. Tangu siku ile sijaamini mahali popote.

Tulipakia sufuria na mikeka mtumbwini. Mume wangu alipiga kasia muda mrefu, kisha akanyoosha mkono kuelekea kiinuko kingine kilichochomoza mbali, na watu wawili watatu wamekwisha kusimama juu yake.

"Pale pakavu," akasema. "Tutajenga pale."

"Kwa udongo gani?" nikamwuliza.

Aliendelea kupiga kasia, tukaenda.