Ngazi ya Nje ya Mwalimu Nakhungu

Nimekuwa fundi hapa Kitale miaka ishirini na sita, na sijaona mtu aliyependa fujo za ujenzi kama Mwalimu Nakhungu. Wateja wengine hukimbia wakisikia nyundo. Yeye alivuta kiti, akakaa katikati ya vumbi na kuniuliza habari za watoto wangu, mmoja mmoja kwa jina. Mwanzoni nilidhani ni umbea. Nilipogundua ni upweke, niliona haya.

Ni mjane, mwalimu mstaafu kutoka Bungoma. Nyumba yake ni ya kizamani, ya gorofa, waliyoinunua na marehemu mumewe, Mukhisa, wakiwa bado vijana. Sebule ilikuwa na giza, na katikati yake ngazi ya mbao iliyopanda wima hadi vyumba vya juu. Aliniita niweke dari mpya, vigae, rangi nyeupe na ngazi pana yenye mahali pa kushika.

"Nataka Ian alale hapa," akasema. "Hata usiku mmoja tu."

Ian ni mwanawe wa pekee. Ana kazi ofisini huko Bungoma, na Bungoma si Ulaya. Lakini kila akija kumwona mama, ikigonga saa kumi anatafuta funguo za gari. "Mama, si unajua mila," ndiyo kauli yake. Na ni kweli: kwa Wabukusu, mwanamume aliyetahiriwa akaoa hapaswi kulala na mkewe nyumbani mwa mamake. Kuku wa mama, mila haikumkataza; huyo alimla mpaka mifupa. Mwalimu aliijua mila hiyo vizuri kuliko mimi, ila hamu ilikuwa imemfumba macho. Kitanda cha sita kwa sita alikuwa ameshanunua.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Nikamwambia, "Mwalimu, si tutoe ngazi humu ndani, tuijenge nje? Huko juu kuwe na mlango wake. Itakuwa nyumba ya Ian, si yako."

Alimpigia simu shemeji yake mzee, kule Malakisi. Mzee akacheka sana, kisha akasema mtu mwenye ngazi yake na mlango wake ana nyumba yake. Siku hiyo Mwalimu alinipikia chapati.

Basi nikang'oa ngazi ya mbao, nikaziba tundu lake kwa dari, nikamwaga zege nje na kuweka vyuma vya kushika. Kazi safi, sijisifu bure. Mwalimu akahamia chumba cha chini. Picha ya harusi yake aliiacha juu ukutani, ati Ian akiamka amwone babake.

Ian alikuja na mkewe, Joy, mwezi wa nne. Sababu ya kukataa hakuwa nayo tena, akalala. Mwalimu aliniambia alikaa kitandani akisikiliza nyayo zao juu ya kichwa chake, akalia kwa furaha. Asubuhi wakanywa chai, wakaaga. Ian akafunga mlango wa juu na kwenda na ufunguo mfukoni. Ulikuwa mmoja tu.

Hiyo ni miezi minane sasa. Akipigiwa, anasema atauleta wikendi.

Juzi Mwalimu aliniita tena. Dirisha la juu liliachwa wazi, mvua inaingia, na dari yangu nyeupe imeota doa kubwa pale ngazi ya zamani ilipokuwa. Maji yanadondoka sebuleni. Nilipandwa na hasira, nikachukua nyundo na patasi, nikaanza kuzipanda zile ngazi za nje.

"Kipkosgei! Unaenda wapi?"

"Kuvunja kufuli, Mwalimu. Nitakuwekea lingine leo leo. Na picha yako je, ikilowa?"

Alitoka mvuani bila mwavuli, akashika chuma cha ngazi. Magoti yake hayamruhusu kupanda.

"Shuka, mwanangu. Ukilivunja, nitampigia nimwambie nini? Saa hii angalau nina ufunguo wa kumwitisha."

Nikashuka. Yeye akarudi ndani, akasogeza beseni chini ya tone, akavuta kiti na kuniuliza kama Chepkemei wangu ameanza shule.