Sifa Alizompa Mwenyeji Wake

Mdogo wangu Abilahi hajui kujibu kwa ufupi. Muulize saa ngapi, atakueleza kwanza saa yenyewe aliinunua wapi. Mimi nauza chai na chapati stendi ya Nangurukuru, wateja wangu ni abiria wenye haraka. Alipokuwa akija kunisaidia likizo za shule nilimweka kwenye kuosha masufuria, maana akipewa meza ya kuhudumia, basi linaondoka na mteja bado anasalimiwa.

Lakini hayo maneno si yake peke yake, ni malezi. Marehemu baba alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, na sebule yetu ndiyo ilikuwa ofisi yake. Mtu akipata mgeni wa kulala, alimleta kwa mjumbe. Mwenyeji alisema huyu ni fulani, katoka mahali fulani. Kisha mgeni naye alifungua kinywa: akashukuru, akataja amelala wapi, amekula nini, hata mtoto aliyempisha kitanda akamtaja. Mgeni asiyemsifu mwenyeji wake, baba alimtazama mara mbili. Na aliyesema bado anatafuta pa kulala, siku hiyo kuku wetu walilala ndani.

Basi Abilahi akapata ufadhili wa kwenda kusoma Ujerumani. Mtoto wa Kilwa! Nilipika pilau, nikagawa mpaka kwa makondakta. Alipofika kule, chumba alichoahidiwa hakikuwapo, foleni ya hosteli ilikuwa ndefu. Akapokewa na Jerome, kijana wa Rondo waliyesoma naye bweni Lindi, Mmakonde mpole, aliyekuwa amemtangulia. Jerome alimpa kitanda, yeye akatandika chini. Hosteli ilisema chumba kimoja mtu mmoja, lakini nani kwetu atamwambia ndugu yake akalale nje kwenye baridi?

Kule nchi za watu, ukienda kukaa lazima uandikishe makazi ofisini. Bila hivyo benki hawakufungulii akaunti, na kibali cha kuishi hukioni. Na hawakuandikishi mpaka mwenye nyumba athibitishe kwamba unakaa kwake. Jerome alimfundisha mapema: "Wape pasi yako, waambie bado unatafuta chumba, omba wakuongezee muda. Basi. Usiongeze neno, Abilahi, nakuomba."

Abilahi akaenda. Akakutana na mama mmoja mtu mzima, mchangamfu, akamuuliza kwa upole tu: kwa sasa unalala wapi? Mdogo wangu anasema pale pale alimwona baba. Aliona haya kujiita mtu asiye na pa kulala. Na aliona haya zaidi kulala kitandani kwa mtu halafu kumkana mbele ya serikali. Basi akamsifu. Akasema analala kwa ndugu yake Jerome, akaitaja hosteli, akataja na namba ya chumba. Akasema Jerome kampisha kitanda, yeye analala sakafuni. Akasema hana ubaguzi, kwani hata kabla yake alimhifadhi mwenzao mwingine muhula mzima. Yule mama alikuwa anaandika, na Abilahi kwa kuona anaandika akazidisha sifa, akidhani Jerome anaandikiwa thawabu.

Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, ila huu uliponza kichwa cha mwingine. Habari zikafika hosteli, Jerome akatolewa. Chumba akapewa aliyefuata kwenye foleni, na kufikia siku hiyo aliyefuata alikuwa Abilahi. Alikataa. Jerome akamwambia, "Ukikataa atapewa mtu baki, na mimi sirudi pale ng'o. Chukua." Akachukua. Akaandikishwa makazi, akapata akaunti, akapata kibali. Jerome sasa ndiye asiye na anwani, analala kwa huyu akichokwa anahamia kwa yule, na kibali chake kinakaribia kuisha. Kikiisha, masomo yameisha. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema sisi. Huyu alikuja, mwenyeji akaugua.

Haya yote nimeyajua mwaka huu, Abilahi alipokuja likizo. Alikuja na sweta ambayo Jerome alimpa ampelekee mama yake, na kila siku ana kisingizio cha kutokwenda Rondo. Mara tumbo, mara mvua, na mvua yenyewe hakuna. Nilipombana akalia, mtu mzima na ndevu zake. Akasema Jerome kamwapisha asimwambie mama kitu chochote, kwa kuwa ana presha. Nilikasirika nikataka kumpiga na mwiko. Nikamwambia, "Uso umeumbwa na haya, na huo uso wako utaubeba hivyo hivyo mpaka Rondo. Na mimi nakwenda na wewe."

Mama Jerome, jina lake Benadetha, alitupokea njiani kabla hatujafika mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, karibuni, karibuni nyumbani."

Alikuwa amemwita jirani yake Abdala amchinjie jogoo, ili sisi Waislamu tule bila wasiwasi. Sweta aliivaa papo hapo, jua likiwaka. Kisha akamshika Abilahi mikono yote miwili. "Jerome ananiambia mnakaa chumba kimoja, mnasonga ugali pamoja. Mungu akubariki, baba. Ningekuwa silali kama asingekuwa na wewe."

Abilahi akatazama mkeka. Nilitamani ardhi ipasuke tuingie wote wawili, pamoja na jogoo wetu mchuzini.

Mama akatunawisha mikono, akaketi. "Ila nina jambo linanisumbua," akasema. "Akinipigia hii ya kuonana, kila mara ukuta wa nyuma yake ni mwingine. Juzi wa bluu. Jumapili una picha za watoto nisiowajua. Nikimuuliza anacheka. Abilahi, wewe ndiye unayekaa naye. Mwanangu anaishi wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mdogo wangu alijibu kwa ufupi.

"Hana pa kuishi, mama. Alitolewa chumbani kwa sababu yangu. Nilimtaja ofisini, nikimsifu. Chumba chake sasa nalala mimi."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejiandaa kuyapokea, hata nikayataka, yangetupunguzia. Mama Jerome akavuta mikono ya sweta ikafunika vidole.

"Ulimsifu?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Ungemkana ningekulaumu. Mgeni humtaja mwenyeji wake." Akasema hivyo huku machozi yanamtoka. Kisha akajifuta, akasogeza bakuli la mchuzi upande wa Abilahi. "Kula mwanangu, chakula kinapoa."

Abilahi akamega tonge, akabaki nalo mkononi. Aibu ya kutukanwa mtu huizoea. Hii ya kukaribishwa sijui anaizoea nani.

Hapo simu ya mama ikaita. Alikuwa Jerome, na ukuta wa nyuma yake safari hii ulikuwa wa vigae vyeupe, kama wa jikoni kwa watu. Mama akajifuta tena uso, akaiinua simu, akatabasamu.

"Mwanangu! Sweta imenikaa, tazama. Wenzako wamefika, wananiambia mnaishi vizuri huko. Nimefurahi, moyo wangu umetulia. Haya, ongea na ndugu yako."

Akampa Abilahi. Simu ile sauti yake ni kubwa wakati wote, mama hajui kuipunguza. Tukamsikia Jerome ananong'ona, "Mama kasogea? Hujamwambia kitu?"

Abilahi akamtazama mama, aliyekuwa kakaa palepale, goti kwa goti naye. Mama akatikisa kichwa, akaweka kidole mdomoni.

"Sijamwambia," akasema Abilahi.

"Asante, ndugu yangu," Jerome akajibu. "Nilijua wewe siri yangu utaitunza."

Mama akampokonya simu taratibu, akaanza kumuuliza mwanawe kama huko baridi imepungua.