Kobe wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alifariki kwa surua mwaka ule tuliohamia kijiji cha ujamaa. Alikuwa na miaka sita. Aliacha magauni mawili na kobe wa maji.

Kobe huyo alimwokota katika bwawa dogo lililokuwa chini ya nyumba yetu, upande wa Kinyangiri, wakati maji yanakauka. Alimweka kwenye karai kuukuu, akawa anamlisha kumbikumbi, minyoo, na vipande vya utumbo siku tulipochinja kuku. Kobe aliuzoea mkono wake. Nikipeleka mkono mimi, alirudisha kichwa ndani.

Baada ya mazishi, kwa siku nne nzima hakuna aliyemkumbuka. Siku ya tano nilimkuta mama amechuchumaa mbele ya karai. Maji yalikuwa yameisha, kobe ametulia kama jiwe.

"Huyu hajala," mama akasema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi.

Kilikuwa kiangazi. Kumbikumbi hakuna, na kuku wote walikuwa wamekufa kwa kideri. Sisi wenyewe tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, leo na kesho. Basi mama akaanza kumpa kobe mboga. Alimpa majani ya kunde, kobe akayakanyaga akapita. Alimpa majani ya maboga yaliyochemshwa, hakuyatazama. Mlenda ulimganda usoni, nikamfuta kwa kitambaa. Kila alipokataa, mama alikaa naye muda mrefu zaidi, hata kazi za shamba zikaanza kumngoja.

Baba hakupenda. Jioni moja alisema, "Mrudishe bwawani."

"Bwawa limekauka. Atakwenda wapi?"

"Basi mwache afe."

Baba aliinuka akaacha ugali wake, akaenda kusimama nje. Kwa umri wangu nilimwona mkatili. Sikufikiria kwamba ni yeye aliyembeba mdogo wangu mgongoni kwa miguu mpaka zahanati, na ni yeye aliyembeba kumrudisha.

Siku iliyofuata mama aliomba dagaa kidogo kwa jirani. Aliwatwanga wakawa unga, akaponda majani mabichi ya kunde, akachanganya na kufinyanga vidonge vidogo kama punje za mahindi. Halafu akajaza maji kwenye karai, maji mengi kuliko tuliyotumia kuogea, akamtumbukiza kobe na kudondosha kidonge kimoja mbele ya pua yake. Kidonge kilielea, kikazunguka, kikaanza kuzama. Kobe alinyoosha shingo, akakidaka.

Mama aliniita kwa sauti ya chini, "Njoo uone." Tulikaa pale mpaka vidonge vikaisha.

Tangu siku hiyo alipunguza dagaa kidogo kidogo, akazidisha majani, mpaka kobe akawa anakula kunde tupu. Na mama naye akarudi kula. Sikuwahi kumwambia kwamba nililiona hilo.

Kisha ikaja amri ya kuhama. Tuliezua tembe letu, tukapakia miti ya paa, mawe ya kusagia, na vyungu. Mama alipanda lori na ndoo mapajani, kobe akiwa ndani. Lori lilipoondoka hakugeuka kutazama kaburi. Baba ndiye aliyegeuka.

Kijiji kipya kilikuwa na bomba moja na foleni ndefu. Mwanamke mmoja nyuma yetu alimwona mama akijaza ndoo ya kobe baada ya debe la nyumbani.

"Dada, maji haya ni ya mnyama?"

"Ni ya mwanangu," mama akasema.

Yule mwanamke alisaidia kumtwisha mama debe.

Kobe aliishi nasi kijijini hapo miezi mitatu hivi. Kisha akaanza tena kukataa chakula. Safari hii mama alijaribu yote, hata dagaa watupu, na haikufaa. Asubuhi moja tulimkuta shingo imelegea nje ya gamba. Nilidhani baba angemtupa jalalani. Badala yake alichukua mkoba wake wa shamba, akamfunga kwa kipande cha gunia na kumtia ndani.

"Twendeni tukamweke kwa mwenzake," akasema.

Tulitembea tangu asubuhi, jua likawa utosini. Kuta za tembe letu zilikuwa zimeanguka. Uwanja wote ulikuwa umelimwa kuwa shamba la pamoja, matuta yamenyooka toka mwisho huu hadi ule, na mawe tuliyopanga juu ya kaburi yalikuwa yamerundikwa pembeni pamoja na mawe mengine. Baba alipima hatua kuanzia ulipokuwa mlango, akasimama mahali. Mama alisema hapana, ni kule zaidi, karibu na kisiki. Walibishana taratibu, kama watu wanaoogopa kumwamsha mtu. Mwishowe baba akachimba katikati ya sehemu zile mbili.

Wote wawili wamekwisha kufa. Mpaka wanazeeka, kila mmoja alinionyesha mahali alipoamini kaburi lilikuwapo, akiniomba nisimwambie mwenziwe.