Kolesteroli ya Mume Wangu

Nilifanya kazi ya maabara mjini Kisumu kwa miaka mingi, na damu niliyoipima kwa hofu kuliko zote ilikuwa ya mume wangu. Alikuwa fundi wa injini za meli bandarini, mtu wa kicheko kilichosikika kwa majirani wote pale kwetu Nyamasaria. Katikati ya miaka ya tisini figo zake zikakataa kazi. Tukaanza kwenda mara mbili kwa wiki kwenye hospitali ya binafsi iliyokuwa na mashine ya kusafisha damu. Alilala pale saa nne nzima, nami nikikaa kando yake na sweta niliyokuwa nikiifuma.

Siku za mwanzo muuguzi mmoja alinivuta kando.

"Mama, wagonjwa wetu wengi hawaondoki kwa figo. Wanaondoka kwa moyo."

Maneno hayo yaliniingia. Nilijua jinsi mafuta yakizidi kwenye damu yanavyoziba mishipa. Nikampima kolesteroli, nikaikuta imepanda kidogo. Jioni hiyohiyo nilimpa jirani mafuta yote ya jikoni. Mayai nikayapiga marufuku. Ngege wa kukaanga, samaki aliyempenda kuliko chakula chochote, nikamwambia amsahau.

"Nyar Seme," aliniita, yaani binti wa Seme, kwa kuwa nilizaliwa karibu na Kombewa. "Sasa mimi nile nini?"

"Utakula uji na kabeji, na utaishi."

Hakubishana. Alikula vijiko vichache, akasukuma sahani, akasema ameshiba.

Miezi ikapita, nikampima tena. Kolesteroli ilikuwa imeshuka hata chini ya yangu. Nilirudia kipimo nikidhani nimekosea, kisha nikaipeleka karatasi hospitalini karibu kwa kukimbia. Daktari, Mhindi wa makamo aliyezaliwa hapahapa Kisumu, aliisoma bila kutabasamu. Akamwendea mume wangu, aliyekuwa amelala kwenye mashine siku hiyo, akaushika mkono wake juu ya kiwiko. Ngozi ilikuwa imelegea.

"Mama, kwa mtu mwingine ningefurahi," akaniambia. "Kwa mgonjwa wa mashine, kolesteroli ikishuka hivi, mara nyingi ni kwa sababu mwili hauli. Na haya mafuta mengine, trigliseridi, bado yako juu. Hayo huja na ugonjwa wenyewe wa figo. Moyo wake tutaulinda: presha, chumvi, maji ya kunywa, yote tutayaangalia. Lakini mpe chakula. Mpe samaki."

Nilitoka nje nikalia. Siku zote zile nilikuwa nikitazama namba, na sikuwa nimeona kwamba suruali zake zilikuwa zikishikwa na kamba.

Kesho yake nilinunua ngege wawili wabichi, nikawapika kwa nyanya na mafuta kidogo, bila chumvi. Nilipomwekea mezani alinitazama, akamtazama samaki, akanitazama tena.

"Nimetolewa jela?"

"Nisamehe, Baba. Nilikuwa nakuua nikidhani nakuponya."

"Ulikuwa unaniogopea," alisema. "Mimi nilijua. Ndiyo maana nilikuwa nakula ule uji." Akavunja kipande cha mgongoni, pale penye nyama nene, akaniwekea kwenye sahani yangu. "Kula na wewe. Umekonda kuliko mimi."

Tulikula tukicheka, machozi yakinitoka.

Polepole nguvu zikamrudia. Alianza tena kwenda bandarini kuwasalimu wenzake, na kuwakosoa jinsi walivyokaza nati. Tukapata miaka mitatu zaidi. Kisha Jumapili moja asubuhi, tukijiandaa kwenda kanisani, akasema kifua kimembana. Nilitaka kukimbia kutafuta gari. Akanishika kiganja.

"Kaa kwanza, Nyar Seme."

Nikakaa. Mkono wake ulikuwa na joto, na ulinishika kwa nguvu mpaka ulipoacha kunishika.