Sanduku la Gemu na Mbao za Mgrevilea

Sanduku la kwanza nililijenga nyumbani, mlimani, wakati wa masika, kwa mbao zilizopasuliwa wiki ileile. Lilikuwa kosa la mtu wa juu. Kwetu nguo huanikwa siku mbili na bado huvaliwa zikiwa na ubaridi wa maji, kwa hiyo mkono huzoea unyevu na mwisho hauutambui tena. Mtu aliyekulia mjini, kwenye joto la chini, asingepigilia msumari kwenye mgrevilea mbichi.

Mwezi wa tisa, katika fremu ya duka niliyopanga Kiboriloni, huko chini, sanduku lilianza kulia. Lilitoa sauti kavu, kama mtu anayevunja vidole. Kisha ubavu wa kulia ukajikunja, rafu iliyobeba skrini ikainama, na ubao wa mbele wenye vitufe ukapinda katikati, hata kitufe cha kupigia risasi kikawa kinabonyea na hakirudi. Vijana waliokuwa wakicheza walicheka.

"Kaka," mmoja aliniambia, "mashine yako imenuna."

Mashine yenyewe niliipata kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini Moshi, mzee mwenye asili ya Kihindi, aliyekuwa na ukumbi mdogo wa gemu na kuufunga. Miaka ile bidhaa zilikuwa zimeanza kuingia nchini kwa wingi, na watu waliokuwa na uwezo walianza kununua gemu ndogo za kuchezea nyumbani. Kwenye stoo yake kulikuwa na mashine moja imelala chali.

"Bodi ni nzima," alisema. "Skrini imekufa. Sanduku lake mchwa wamelimaliza."

"Nitajenga jingine."

"Umesomea wapi?"

"Kwenye redio mbovu za watu."

Alicheka, akanionyesha namna ya kuitoa bodi bila kukata waya. "Ukiifufua, niite," alisema. "Kuna ndege moja ya mwisho mle ndani. Miaka yote imenishinda."

Niliifufua. Umeme wake niliupata kwenye transfoma ya amplifaya iliyoungua. Skrini ilikuwa ya televisheni ya zamani. Mara ya kwanza ilipowaka, bahari na mbingu zote zikawa kijani kama migomba. Nikabadilisha nyaya mbili, kila kitu kikarudi mahali pake. Vitufe nilitumia swichi za kengele za mlangoni. Fimbo ya kuongozea ndege niliitengeneza kwa chuma cha baiskeli, na chini yake nikafunga vipande vya shaba vya tochi ili vigusane kila inapolala upande. Kirungu chake nilikichonga kwenye mzizi wa mkahawa, maana bei ya kahawa ilikuwa imeanguka na watu walikuwa wanang'oa mibuni ya zamani. Ni mti mgumu, na ukishasuguliwa haumuumizi mchezaji. Katika vitu vyote hivyo, kilichonishinda kilikuwa ubao.

Mimi ni mtoto wa mwisho. Kwa desturi yetu, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, pamoja na kihamba chake, yaani migomba na kahawa inayoizunguka. Baba alikuwa amefariki. Kaka zangu walikuwa Dar es Salaam na Arusha, na walikuja kila Krismasi wakiwa na mikate, mafuta ya kupikia na maoni. Hakuna aliyeniambia nibaki. Walisema tu, "Wewe upo na Mama," kama watu wanaosema jua limechwea. Nami wakati ule nilishindwa kukaa kwenye kiti mpaka chai ipoe. Nilikata majani ya ng'ombe huku sikio liko barabarani, nikisikiliza gari lipi linashuka na lipi linapanda. Ile mashine ilikuwa njia yangu ya kushuka.

Nilipoona sanduku limeharibika, nilienda kwa mwenye fremu, mama mmoja aliyeuza viatu vya mtumba jirani.

"Nikusubiri mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka mbao nyingine zikauke."

"Sijui habari za mbao. Desemba watu wanarudi kutoka kila mahali, hapa panajaa. Ikifika Desemba hujarudi, kuna kijana wa saluni anaitaka."

Nikapanda mlima nikiwa na vitufe kwenye mfuko wa koti. Mgrevilea wa pili, mmoja wa ile Baba aliyoipanda kuipa kahawa kivuli, ulikuwa umeshapasuliwa. Mama alizitazama mbao, akatazama dari lake la jikoni, juu ya mafiga, alipokuwa akikaushia mahindi.

"Ziweke hapa," alisema. "Moto wangu hauzimiki. Lakini usiziharakishe. Zile za kwanza uliziharakisha."

Alikuwa sahihi. Nikazipanga kwa vipande vya fito katikati, hewa ipite. Ubao mmoja niliuteua kuwa kipimo. Tulikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile Baba aliyopimia kahawa kabla ya kuipeleka chama cha ushirika, yenye mistari ya robo kilo. Kila Jumamosi niliufunga ubao ule kamba ya katani, nikautundika kwenye ndoano, nikasoma, nikaandika uzito kwa penseli kwenye ubao wenyewe. Ubao unaoendelea kupungua bado una maji. Ukiacha kupungua, umekauka. Sikuwa na kitabu kilichonifundisha hivyo, nilifikiri tu.

Mama alinitazama Jumamosi ya kwanza, akaweka mkono kiunoni. "Yesu na Maria! Unaupima kama mtoto wa kliniki?"

"Ndiyo."

"Basi uandikie na jina."

Oktoba yote mshale ulipanda kila wiki, uzito ukipungua. Novemba ulisimama. Nilisubiri Jumamosi moja zaidi kwa uhakika, kisha nyingine, na mwili wangu wote ulikuwa unawasha. Nilishuka Kiboriloni bila kazi, nikagusa kufuli la fremu, nikapanda tena. Kisha Jumamosi iliyofuata mshale ukarudi nyuma mstari mzima. Ubao ulikuwa umeongezeka robo kilo.

"Vipi, umekauka?" Mama aliuliza bila kugeuka. Alikuwa anamenya ndizi.

"Umeongezeka."

"Ni vuli. Si unaona mvua ilivyonyesha wiki nzima?"

Mvua haifiki darini, juu ya moto usiozimika. Niliupeleka ubao mlangoni kwenye mwanga. Masizi yalikuwa yameupaka rangi ya kahawia upande wote, isipokuwa njia moja safi iliyoshuka kutoka kwenye kichwa chake, mahali maji yalipopita na kuyaosha. Robo kilo ya maji ni kikombe kimoja cha chai kilichojaa.

"Mama, huu ubao umenyweshwa."

"Na nani?"

"Ndiyo ninakuuliza."

"Labda paka."

"Paka alipanda na kikombe?"

Akacheka, mabega yakatikisika, lakini hakuinua uso. Kisha akaweka kisu chini.

"Umegundua leo?" aliuliza.

"Leo."

"Hii ni Jumamosi ya tatu. Zile mbili nilitia kidogo."

Nilikasirika. Nilifikiria fremu, kijana wa saluni, siku zilizobaki za Novemba. Nilimwambia angeniambia tu. Nilimwambia kaka zangu waliondoka bila kupimiwa maji.

"Walikuwa watatu, nikabaki na wewe," alisema. Akasimama, akafuta mikono kwenye kanga. "Halafu wewe kila Jumamosi unapima ubao. Mimi mama yako umenipima lini?"

Kabla sijajibu, alishika ndoano ya mizani kwa mikono miwili, akakunja magoti, akajining'iniza. Boriti ililia. Mshale ulikwenda mpaka mwisho wa namba ukagota.

"Soma," alisema, kanga ikimteleza. "Soma, na hiyo uandike."

"Imepita mizani, Mama."

"Basi."

Aliiachia, akakaa, akachukua kisu chake. Nami nilikaa kwenye kigoda, jambo ambalo sikuwa nimelifanya siku nyingi. Moto ulikuwa unafuka. Alimenya ndizi mbili, tatu.

"Zile mbao nyingine sikuzigusa," alisema. "Zimekauka. Unaweza kwenda nazo." Kisha akauliza, "Utakuwa unakuja lini?"

"Mashine ikiharibika nitapanda kuchukua vifaa. Niliacha koleo na randa huku."

"Na isipoharibika?"

Nilichukua kisu kingine, nikamsaidia kumenya.

Nilishuka na mbao kabla mwezi haujaisha. Ule ubao wa mizani niliuacha darini, kwa kuwa haukuwa mkavu, na mgongo wa sanduku nikauziba na plaiwudi kwa muda. Nilimwambia Mama nitaufuata ubao huo utakapokuwa tayari.

Sanduku la pili lilikaa kimya. Desemba ilikuja na watu wake, Kiboriloni ikajaa magari ya mikoani na watoto waliovaa viatu vipya, na fremu haikuwa na nafasi ya kugeukia. Yule mzee wa mjini alikuja jioni moja, akavua koti, akashika kirungu cha mkahawa, na ndege ya mwisho ikampiga kama zamani. Alirudi nyumbani amefurahi sana. Januari ikapita, joto likazidi, na kila asubuhi nilipitisha kiganja kwenye kila kiungo nikitafuta ufa. Hapakuwa na ufa. Nilifungua mlango wa nyuma, nikakaza skrubu zilizokuwa zimekaza. Ningepaswa kutulia, na sikutulia.

Siku za gulio Mama alishuka na ndizi. Akishauza alikuja fremuni, akaweka tenga lake tupu kando ya mashine, akapapasa ubao wa mbele kama anavyopapasa ng'ombe.

"Haijapinda?"

"Haijapinda, Mama."

"Hm," alisema.

Jumamosi iliyofuata nilifunga fremu saa sita mchana, wateja wakiwa mlangoni, nikapanda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kuchukua ubao wako?"

"Nimekuja kuupima kwanza."

Aliitoa mizani alipokuwa ameihifadhi. Nilifunga kamba, nikautundika ubao, tukasubiri mshale utulie. Ulisimama kwenye mstari uleule uliosimama Novemba, kabla ya kikombe. Mama alikuwa amesogea karibu, ingawa bila miwani hakuweza kuona namba.

"Inasemaje?" aliuliza.

"Bado kidogo," nilisema, nikaurudisha darini.

Nilipanda karibu kila Jumamosi baada ya hapo, kwa miaka yote niliyokuwa na fremu ile. Mgongo wa sanduku ulibaki plaiwudi mpaka mwisho.